Matairi ya kafi kwa kwadi za ufukweni, Pangani hadi Bagamoyo: soma kabla hujaagiza

#1 Mwanzisha uzi, Pangani

Wakuu, salaam.

Kuna swali limenirudia mara nyingi mwaka huu kutoka kwa watu wa Mwambani, Kigombe, hata Bagamoyo: yale matairi ya kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) yenye mabapa ya mpira yaliyokingama tairi zima, je, yanafaa kwa fukwe zetu? Huku kwetu tunayaita matairi ya kafi, na jina limekaa vizuri maana kazi ni ile ile. Kafi ya mtumbwi inasukuma maji nyuma ili chombo kiende mbele. Tairi hili linachota mchanga na kuutupa nyuma. Nimeyatumia misimu miwili nikibeba mizigo ya wageni na mitungi ya wapiga mbizi pale Ushongo, na mwanzoni nusura yanipotezee kwadi nzima. Nitaeleza kwa urefu, mnivumilie.

Nianze na siku yenyewe. Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma, bamvua, yaani maji makubwa. Kwadi yangu ni ya cc 250, ya giya na cheni, inavuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Asubuhi ile nilikuwa nimefungiwa matairi mapya ya kafi na fundi mmoja wa pikipiki, mtu mwenye mikono mizuri, ila kwadi hakuwahi kuishika. Nikashuka ufukweni maji yameshaanza kurudi. Pale mchanga mkavu unapoanzia, nikavuta mafuta. Injini ikanguruma, magurudumu yakazunguka, kwadi ikabaki pale pale. Nikaongeza. Kabla sijahesabu tano ekseli ilikuwa imelala juu ya mchanga na cheni inasaga chembe, ule mlio wa kukereza ambao ukiusikia mara moja huusahau.

Nikashuka, nikainama nyuma yake. Kila kafi ina upande uliobonyea kama kijiko na upande uliotuna kama mgongo wa kijiko. Kilichokuwa kinakutana na mchanga ni mgongo. Matairi yote mawili yalifungwa kinyume. Mchanga ulikuwa unapita pembeni na gurudumu linajichimbia kaburi. Tulikuwa watu wanne, tukachimba kwa mikono na kipande cha ubao wa ngalawa, na kwadi ilitoka wakati maji yananilowesha ndara. Bamvua haina subira: kujaa kunachukua saa sita hivi, lakini saa ya tatu na ya nne ndizo zinazokwenda mbio, na sisi tulikuwa ndani yake.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba dawa ilikuwa ya dakika kumi. Ningefungua nati nne kila upande, nikahamisha gurudumu zima la kulia kwenda kushoto na la kushoto kuja kulia, basi, yangezunguka inavyotakiwa. Kwa hiyo shikeni hili kwanza: simama nyuma ya kwadi, tazama sehemu ya tairi inayokuelekea wewe. Mabonde ya kafi yawe yanatazama juu, kama kiganja kinachokinga maji ya mvua. Yakitazama chini, yamegeuzwa. Matairi mengi yana mshale ubavuni, lakini ukishika picha ya kiganja hata mshale ukifutika hupotei.

Sasa twende kwenye kuchagua.

Mchanga wetu si mmoja. Maji yakitoka unakuta kanda tatu. Ya chini kabisa imeshiba maji, ukisimama miguu inatitia polepole. Ya katikati ni ile iliyofunikwa saa chache zilizopita. Bado ina unyevu unaoshikanisha chembe, ni ngumu, hata baiskeli inapita. Ya juu inaanzia kwenye mstari wa mwani mkavu hadi kwenye mlakasa, ule mmea unaotambaa, na mivinje. Huo ni mchanga mkavu, hauna kinachoushika, kila ukiukanyaga unakimbia. Kafi zimetengenezwa kwa ajili ya kanda hii ya juu peke yake.

Mimi nilikaa siku moja nikapima safari yangu. Kanda ngumu ya katikati: kilomita nne na kitu. Mchanga mkavu wa kupanda kutoka ufukweni hadi barabarani: kama mita sitini. Baada ya hapo changarawe hadi stoo. Yaani nilinunua matairi ya mita sitini nikayalazimisha kufanya kilomita nyingine zote. Juu ya ardhi ngumu kila kafi inagonga peke yake, kwadi inatetema hadi meno, breki inateleza kwa sababu kinachogusa chini ni ncha chache tu za mpira, na ncha zenyewe zinalika. Mwezi mmoja wa changarawe ulitosha kuzifanya za kwangu ziwe mviringo kama sabuni iliyotumika.

Kwa hiyo ukiamua kuchukua kafi, chukua na rimu zake. Magurudumu mawili kamili ya pembeni, unayabadilisha ukifika kwenye mchanga, unayatoa ukiondoka. Kung'oa tairi kwenye rimu kila mara ni kujitafutia pancha na kuchana mdomo wa tairi. Bei ya rimu mbili za ziada inauma mara moja tu.

Kimo na idadi ya kafi ndiyo sehemu watu wanayokosea zaidi, kwa sababu kwenye picha kafi ndefu nyingi zinapendeza. Kafi ikiwa ndefu inashika mchanga mwingi, na mchanga mwingi ni mzigo kwa injini. Injini ndogo ikikutana na kafi ya inchi nzima inakata pumzi: unashuka giya, unapiga klachi, klachi inaungua, na kilima bado kiko mbele yako. Kwa cc 250 kama yangu, kafi nane fupi, karibu milimita 16, juu ya tairi jepesi, zinatosha. Ukiwa na cc 400 au 450 ya michezo, nane hadi kumi zenye kimo cha robo tatu ya inchi. Kafi kumi na mbili, au za inchi nzima, waachie wenye injini kubwa, mfano Yamaha Raptor 700, ambayo hasa ni cc 686. Watengenezaji wanatofautiana, lakini mwelekeo haubadiliki: nguvu kidogo, kafi chache na fupi. Ukisita kati ya mbili, chukua ndogo. Kwadi inayozungusha tairi kidogo inapanda. Iliyokatwa pumzi inasimama, na kwenye mchanga ukisimama umekwama.

Kusoma saizi: 20x11-9 maana yake tairi lina kimo cha inchi 20, upana wa inchi 11, na linavaa rimu ya inchi 9. Tarakimu ya mwisho haina mjadala, lazima ifanane na rimu yako. Kimo jihadhari nacho, kwa sababu tairi refu linaifanya kwadi iwe nzito kuondoka, kana kwamba umeongeza giya.

Mbele haiwekwi kafi kwa kwadi inayovuta nyuma. Mbele panataka tairi laini lenye ukingo mmoja au miwili ya mpira inayozunguka katikati, ndiyo inayokata mchanga ukikunja usukani. Bila ukingo huo unakunja na kwadi inakwenda moja kwa moja. Mimi niliendesha wiki mbili na matairi ya kawaida mbele, na kila kona ilikuwa dua.

Karibuni kwa maswali. Upepo wa kujaza matairi nitauzungumzia kando, una mambo mengi.

#2 Mdau, Bagamoyo

Mkuu, shukrani kwa kutufungua macho. Mimi ninayo ile nzito ya kazi, magurudumu yote manne yanavuta ukibonyeza swichi, otomatiki ya mkanda, cc 500, tairi za inchi 25 kwa rimu 12. Nabeba wageni wa kuzunguka ufukweni upande wa Kaole maji yakitoka. Shida yangu ni sehemu mbili za mchanga mkavu, nikiwa na abiria nazama kila mara. Rafiki yangu amenishauri niagize kafi nne, mbele na nyuma. Niagize?

#3 Mwanzisha uzi

Kaka usiagize bado. Kwadi yako na yangu ni vitu viwili.

Ukibonyeza swichi ya manne, mbele na nyuma vinafungamana kwa giya. Kiwanda kimepanga uwiano wa giya kulingana na kimo cha matairi yaliyokuja nayo. Ukiweka kimo tofauti mbele na nyuma, magurudumu yanataka kwenda kasi mbili na giya ziko kasi moja. Kwenye mchanga mlaini yanateleza, husikii kitu. Ukifika penye ardhi inayoshika, zinavutana zenyewe kwa zenyewe na kitakachovunjika ni cha ndani. Halafu kafi mbele zinafanya usukani kuwa mzito. Mkanda wako nao: kafi zinaubebesha mzigo mkubwa kwa mwendo mdogo, na hapo ndipo mkanda unapopata moto na kuteleza.

Kabla ya yote nijibu swali moja. Matairi yako umejaza upepo kiasi gani?

#4 Mdau, Bagamoyo

Fundi pancha alijaza 25. Alisema bodaboda zinakwenda 30 na hii ni nzito zaidi, asijaze sana.

#5 Mwanzisha uzi

Ndicho nilichokuwa nakiogopa. Kaka, tatizo lako ni hilo, na halina gharama.

Tairi la kwadi ni pana na jembamba la ngozi, limeumbwa kubeba uzito kwa upana wake. Nyingi zinataka psi (kipimo cha upepo wa tairi) 4 hadi 7. Angalia ubavuni mwa tairi na kile kibandiko kilichopo kwenye kwadi yenyewe, kimeandikwa. Ukijaza 25 tairi linakuwa gumu na duara, linagusa mchanga kwa kipande kidogo cha katikati, na uzito wote na abiria wako unashuka hapo. Lazima lizame. Ukilishusha linalala, alama yake ardhini inakuwa ndefu, uzito unatawanyika. Ni sawa na tofauti ya kutembea kwenye mchanga kwa viatu vya kisigino na kwa ndara.

Historia yenyewe ya vyombo hivi ilianzia hapo. Honda walipotoa ile ya magurudumu matatu mwaka 1970, kilichoipitisha kwenye mchanga na theluji ni matairi makubwa ya upepo mdogo sana.

Ila geji ya fundi pancha haitakusaidia. Ile inasoma hadi 100 na zaidi, mshale wa 4 na wa 8 unauona pale pale chini, kama umelala. Tafuta geji ndogo inayoishia 10 au 15. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi, maana jua la saa saba linaongeza upepo na utadhani umejaza sawa. Anza na kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko, jaribu pale unapozama, kisha shusha nusu nusu. Usishuke chini ya 3 ukiwa na abiria: kona moja kali na mdomo wa tairi unaachia rimu, upepo wote unatoka kwa mkupuo.

Na sisi wa kafi ni vivyo hivyo. Nilianza na 6 nikashuka hadi 5, ndipo kafi zikalala vizuri na kushika upana wote. Zikijazwa sana tairi linatuna, inafanya kazi katikati ya kafi tu, na pembeni umelipia bure.

#6 Fundi, Ngamiani

Mwanzisha uzi umeeleza vizuri, naongeza ya gereji.

Moja, wakati wa kuvalisha tairi kwenye rimu, wengi wanajaza hadi lilie "pwaa" mdomo ukae. Ubavuni mwa tairi kuna namba ya mwisho isiyozidishwa kwa kazi hiyo. Izingatieni, tairi la kwadi likipasuka mikononi linavunja mikono kweli. Paka maji ya sabuni mdomoni, linakaa lenyewe kwa upepo mdogo.

Pili, matairi mengi ya kafi ni membamba ili yawe mepesi, nyuzi zake ni safu mbili. Kwa mchanga mtupu ni sawa. Lakini pwani yetu hii ya Tanga ina mawe ya matumbawe, maganda ya chaza, na ile mizizi ya mchu inayochomoza kwenye tope kama penseli. Nimeziba tairi moja matundu saba ya siku moja, mwenyewe alikatiza kwenye mikoko kufupisha njia.

Tatu, mkinunua ya mtumba msitazame ncha za kafi, zile zinadanganya. Kunja kafi kwa kidole gumba na mtazame mzizi wake, pale inapoota kutoka kwenye tairi. Kukiwa na nyufa kama za kisigino kikavu, acheni. Mpira uliokaa juani nyufa zinaanzia hapo, na kafi ikishang'oka moja, gurudumu linayumba hadi ubadilishe. Mengi yana tarakimu nne za kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Nina swali kwako. Mimi huwa nawakatia watu kafi ndefu kwa kisu cha moto zikawa fupi, wanaokoa hela. Unaonaje?

#7 Mwanzisha uzi

Fundi wangu, hapo kwenye kukata naafiki nusu. Kupunguza kimo inawezekana na hata huko zinakotoka watu wanafanya. Lakini kila kafi lazima itoke sawa na mwenzake, la sivyo gurudumu linacheza. Na ule upinde wa kijiko mara nyingi uko juu kwenye ncha. Ukiukata kinachobaki ni ukuta ulionyooka, unasukuma mchanga badala ya kuuchota. Kwa mwenye kafi tayari na injini imeshindwa, sawa. Kwa anayenunua, anunue fupi.

#8 Mdau, Oman (mzaliwa wa Tanga)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Bidiya, mlangoni mwa mchanga wa Wahiba, nafanya kazi kambi ya watalii mwaka wa sita huu. Huku ndiko kafi zilikoumbiwa. Vilima vinakwenda hadi mita mia kwenda juu, kutoka kambini hadi kurudi hukanyagi jiwe. Kwadi za kafi zinapanda ukuta wa mchanga ambao kwa tairi la kawaida ungefika theluthi tu.

Lakini nataka niseme kitu kuhusu kuendesha, kwa sababu naona watu wanawaza kununua tu. Kilima kina upande unaokabili upepo, mteremko wake wa taratibu, na upande wa mgongoni ambako mchanga unaporomoka mwenyewe, mkali, nyuzi thelathini na zaidi. Kijana anapanda kwa kasi upande wa taratibu, anafika kileleni hajui ng'ambo kuna nini, anaruka. Nimebeba watu wawili hospitali kwa sababu hiyo hiyo. Panda moja kwa moja, usipande kwa mshazari, maana kafi hazina mshiko wa ubavu, kwadi inabingirika. Karibu na kilele punguza, geuka kidogo, chungulia. Na mlingoti wa bendera nyuma ya kwadi ni lazima. Kule California, kwenye mchanga wa Imperial, bendera inatakiwa ifike futi nane kutoka ardhini, ili aliye ng'ambo aione kabla hajakuona wewe.

Jambo jingine: ukitaka kusimama usikanyage breki. Achia mafuta tu, mchanga wenyewe unakusimamisha. Ukikanyaga breki unajijengea rundo mbele ya magurudumu, na kuondoka tena itakuwa kazi. Simama pua ikiwa imeelekea chini. Ukianza kuzama, achia mafuta pale pale. Kila sekunde unayoendelea kuzungusha ni kina kingine.

Nikija likizo na kuangalia fukwe za nyumbani, kwa kweli sioni pa kuhitaji kafi zaidi ya sehemu chache.

#9 Kijana, Tanga mjini

Wakuu, kwani Tanzania hatuna vilima vya mchanga vya kwenda kuchezea?

#10 Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, vya pwani yetu ni vidogo, vingi havifiki kimo cha nyumba. Vikubwa vya jirani viko Mambrui, ng'ambo ya Malindi, Kenya. Kile cheusi cha jivu la volkano karibu na Olduvai, chenye umbo la mwezi mwandamo, kinahama zaidi ya mita kumi kila mwaka na kinaheshimiwa na Wamaasai. Kile si cha kupanda kwa kwadi. Na usiwaze Saadani, ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ufukwe wake una wenyewe.

#11 Dada, Ushongo

Kaka mwanzisha uzi, nimesoma yote hadi hapa na nimesubiri mtu ataje kasa, sijaona.

Mimi natembea ufukwe huu alfajiri kutafuta alama za kasa waliopanda usiku. Ile kanda ya juu mnayoiita ya kafi, kuanzia mstari wa mwani hadi kwenye mlakasa, ndiyo kanda ya mayai. Kasa mama anapanda gizani, anachimba, anataga mayai mia moja na zaidi, anafunika na kurudi baharini. Juu hubaki alama tu ya mapezi yake, na upepo ukipita hata hiyo haipo. Mayai yanakaa chini karibu miezi miwili. Ninyi mnapita juu hamjui.

Na hata wakianguliwa, mfereji wa tairi ni shimo kwao. Mwaka juzi niliwakuta kumi na moja wamepangana ndani ya njia ya kwadi, kila mmoja anatembea kwenda mbele kufuata mfereji badala ya kwenda baharini, na jua limeshachomoza. Wengine kaa walikuwa wamewawahi. Nilibeba waliobaki kwa kanga yangu. Wazee wetu wanakumbuka Maziwe ikiwa kisiwa chenye mivinje na kasa wanapanda kwa wingi. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Tulichobakiza ni fukwe hizi.

Sisemi msiendeshe. Nasema mjue mnapita wapi.

#12 Mwanzisha uzi

Dada yangu, nakiri hili lilipaswa kuwa kwenye bandiko la kwanza, na nimeliongeza akilini mwangu kabla ya matairi yote.

Njia ile ya kwadi yawezekana kabisa ilikuwa yangu. Msimu ule nilikuwa napanda popote. Sasa hivi ninapandia sehemu moja tu, ile ya mashua karibu na mnazi uliolala, ambayo watu na ng'ombe wanaipita kila siku. Mita sitini zangu zote ziko hapo. Kote kwingine nakaa chini ya mstari wa mwani, na jua likizama kwadi inalala stoo. Taa yake peke yake inatosha kumrudisha kasa mama baharini bila kutaga, hilo nililisikia kwako mwenyewe.

Kwa wengine: msing'oe mlakasa. Ule utambaaji wake ndio unaoshika mchanga. Kafi zikiuchana njia moja, kusi ikija inaingilia hapo hapo na kupanua. Nimeona kwa macho yangu sehemu iliyokuwa na upana wa kwadi moja ikawa na upana wa lori ndani ya msimu mmoja. Kabla hujafungua njia mpya ongea na serikali ya kijiji na watu wa kamati ya ufukwe. Wanajua mayai yalipo, na wewe hujui.

#13 Mdau, Bagamoyo

Wakuu narudi na majibu. Dada wa Ushongo, ujumbe umefika na huku pia.

Nimepata geji ndogo ya hadi 15. Nilipopima mbele zilisoma mwisho wa geji, yaani hata haikuweza kusema ni ngapi. Kibandiko kilikuwa chini ya kiti, kimefifia, nikakipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa: psi 5 mbele na nyuma, kwa mzigo nisizidishe uzito ulioandikwa. Nikashusha zote nne hadi 5. Leo asubuhi maji yakitoka nikaenda pale pa kwanza ninapozama siku zote, mimi na mgeni mmoja nyuma. Nikaweka manne, mafuta kidogo kidogo bila kukatiza. Imepita. Nikarudi nikapita tena kuhakikisha. Ukitazama alama nyuma, zamani palikuwa na mitaro miwili. Leo ni alama pana tu kama imebanwa kwa ubao.

Pale pa pili, karibu na mkondo wa maji, ilipita peke yangu, na mgeni akiwa nyuma ikakwama kidogo. Nilimwomba ashuke ikatoka yenyewe. Nimeshusha hadi 4 na nusu, kesho najaribu tena.

Swali la mwisho: nikirudi barabara ya lami nijaze tena?

#14 Mwanzisha uzi

Hongera sana kaka. Ndiyo, ukienda mbali kwenye lami au changarawe rudisha kwenye kiwango cha kibandiko, ukishuka chini ya hapo tairi linapata moto na ubavu unachoka. Pampu ya mguu ya baiskeli inatosha, tairi la psi 5 halimalizi pumzi ya mtu. Mimi naibeba kwenye kapu la mbele pamoja na koleo fupi na ubao mmoja wa futi mbili.

Pale pa pili, kabla ya kushusha zaidi, jaribu kupita saa moja mapema, mchanga ukiwa bado na unyevu. Kila siku maji yanachelewa kama dakika hamsini, kwa hiyo muda uliofaa jana leo umeshasogea. Wakati wa maji mafu, yanapopwa kidogo tu, ile kanda ngumu inakuwa nyembamba, utalazimika kupanda juu zaidi. Siku hizo mgeni mmoja ashuke atembee, ni hatua ishirini tu.

#15 Mdau, Bagamoyo

Nimekuelewa mkuu. Kafi siagizi. Hela ile nanunua koleo, pampu na bendera, na kinachobaki nabadilisha mkanda, maana nimeufungua leo na umeshaanza kung'aa ubavuni.

#16 Fundi, Ngamiani

Mkanda uking'aa ulishateleza. Badilisha kabla ya msimu wa wageni, na mkishafunga nyumba yake angalieni mpira wa mfuniko umekaa sawa. Mchanga ukiingia mle, mkanda mpya haumalizi mwezi.